Mama Mkwe Hasemi Nami, na Tairi Zangu Zinakwaruza

Mpendwa Mama Marlène wa gazeti letu, naomba msaada wako, na nakuandikia nikiwa bado namshukuru Mungu kwamba mkono unaoshika kalamu hii ni mzima, na mke wangu ni mzima, na mtoto aliye tumboni mwake anapiga teke kama kawaida, kwa hiyo usishtuke, hakuna aliyekufa, ila aibu inanila, na Jumamosi ya wiki ijayo inanisogelea.

Jina langu ni Bertin. Sina haja ulifiche, maana hapa Likasi ukilitaja gari langu tu watu wote wanajua ni mimi. Ni fundi umeme kiwandani, na mke wangu Jessy ana mimba ya miezi minane. Miaka miwili iliyopita nilipata kitu nilichokitamani tangu nikiwa shuleni, Celica nyekundu ya milango miwili, ile ya kukimbia, usukani upande wa kuume, ikaja safarini kutoka Japani mpaka Kasumbalesa, na mimi nikaenda kuipokea huko nikiwa nimevaa shati jipya, kama mtu anayekwenda kuposa.

Sasa nikueleze habari ya mama mkwe wangu, maana jambo lote linazunguka kwake. Tunamwita Mama Jessy. Ni mjane, familia yao ni ya asili ya Kasai, na desturi ya ukwe wanaishika sawasawa: mama na mume wa binti yake hawasemezani wala hawatazamani usoni. Nikiingia kwa mlango wa mbele, yeye anatoka kwa mlango wa jikoni. Akiwa na neno kwangu anampa Jessy, naye Jessy ananiletea. Hiyo ni heshima, si ugomvi, na kusema kweli niliifurahia, maana wenzangu kazini wanalia na mama wakwe zao na mimi nina amani. Marehemu mumewe alikuwa kwado, fundi wa kuziba tairi, kibanda chake barabarani mbele ya nyumba yao, na mama alifanya kazi naye pale miaka ishirini, akitoa tairi, akiziba, akijaza upepo. Leo kibanda kinashikwa na Dodo, aliyefundishwa na marehemu.

Mwezi wa tano rafiki yangu Yannick alioa, akataka Celica yangu itangulie kwenye msafara wa arusi. Alikuja kuitazama, akazunguka mara mbili, akacheka. «Motoka ya sport na miguu ya mutoto! Weka dix-huit, Bertin, bantu baone!» Basi Mama Marlène, maneno hayo yaliniingia, nikateremka mpaka Lubumbashi, muuzaji mmoja akanifungia jante, ringi za magurudumu, za inchi kumi na nane, pana, zinang'aa mpaka unajiona meno, na tairi zilizoandikwa 225/45, wakati za kwanza zilikuwa 205/50 kwenye jante za inchi kumi na sita, na mimi sikuuliza namba hata moja, niliona boliti zinaingia, nikasema zikiingia zimefaa. Zile za zamani nilimwachia Dodo aniuzie.

Siku ya arusi watu walipiga picha na gari kuliko na bibi arusi. Jioni ile Jessy akaniletea neno la kwanza la mama yake juu ya tairi zile: «Mwambie bwana yako, ile pneu iko mukubwa kuliko motoka.» Nilicheka. Wiki mbili baadaye likaja la pili: «Inatoka inje ya bati. Siku bantu bakikaa inyuma, bati itashuka, itakata pneu.» Hapo nilikasirika, nikamjibu Jessy neno ambalo leo linanichoma: «Mama yako anataka kuongoza motoka yangu? Desturi inasema anyamaze. Basi anyamaze.»

La tatu lilikuja Jumapili ile tulipokuwa tunatoka kwenda Mulungwishi kumpelekea shemeji yangu, mwanafunzi wa huko, unga na mafuta. Tulisimama kwanza mbele ya nyumba ya mama, naye akatokea dirishani, akamwita binti yake, akamwambia asipande. Jessy akanitazama mimi. Nikasema, «Panda, tutachelewa.»

Tulipakia magunia nyuma, na tulipofika tu kwenye shimo la kwanza nikasikia krrr, krrr, upande wa nyuma kushoto. Jessy akauliza, «Nini ile?» Mimi, Mama Marlène, hapa ndipo ninapoona haya hata kuandika, nilinyoosha kidole nikaongeza sauti ya redio. Tulikwenda na redio juu mpaka Mulungwishi, na wakati wa kurudi shemeji alitupa mahindi mabichi magunia mawili, tukaanza njia, na kabla hatujafika hata nusu tairi ya nyuma ikapasuka, gari likainama upande, lori lililobeba shaba lilikuwa linakuja mbele yetu, nikashika usukani kwa nguvu ambazo sijui zilitoka wapi, tukatoka barabarani, tukasimama katikati ya majani marefu, lori likapita likipiga honi. Jessy alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Kisha akasema, «Amepiga teke. Bertin, eko anapiga teke.» Nililia mbele ya mke wangu, kwa mara ya kwanza, kwa furaha.

Na baada ya kulia, nikadanganya. Aliniuliza nini kimepasua tairi, nikasema musumari. Tairi lilikuwa limekatwa begani duara nzima na ukingo wa bati la juu ya gurudumu, hata kipofu angelijua kwa kupapasa, na mimi nikasema musumari. Aliniamini. Dodo alikuja kutuchukua, akabadilisha tairi kwa nyingine ya kipimo kilekile, akabaki na ile iliyopasuka.

Tangu siku ile Mama Jessy hajaleta neno lolote. Wiki tatu. Jumamosi ya wiki ijayo lazima nimpeleke Jessy Lubumbashi kwa dada yake, akajifungulie huko karibu na daktari wake, na mama atafuata kwa basi. Nilikwenda kwa Dodo kutafuta jante zangu za zamani, akasema zimekwenda, hataki kusema kwa nani. Kuhusu kipimo, kila ninayemuuliza ananipa chake: mmoja anasema kata bati, mwingine anasema ongeza springi, wa tatu anasema punguza upepo. Nikimwambia Jessy ukweli atajua kwamba nilimpandisha yeye na mtoto kwenye gari nililokuwa nimeonywa mara tatu. Nisipomwambia, atapanda tena akiniamini. Na kwa mama mkwe wangu nifanye nini? Namshukuruje, namwombaje radhi, mtu ambaye siruhusiwi hata kumtazama?

Ni mimi Bertin, wa Celica.

*

Bertin mwanangu, afadhali! Nilipofika kwenye lori nilisimama nikaenda kunywa maji kwanza, ndipo nikaendelea. Mko wazima wote watatu. Acha nifurahi kidogo kabla sijakugombeza.

Haya, nimemaliza kufurahi.

Uliposikia tairi inalia, ukaongeza redio! Una kazi ya umeme, Bertin. Waya ukitoa harufu kiwandani, unaziba pua? Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe umevunjikiwa tairi tu, basi piga magoti ushukuru. Na usiisingizie desturi. Desturi ilimkataza mama asiseme na wewe, haikukukataza wewe usisikie. Aliitii desturi mpaka mwisho, akapitisha neno pale panapostahili, mara tatu, na wewe ukaichukua heshima yake ukaifanya kizibo cha masikio. Hilo ndilo kosa lako kubwa, kuliko jante.

Kuhusu tairi, sikiliza, na safari hii usicheke. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo yake, kuna karatasi imebandikwa na wale waliolitengeneza gari. Kipimo ni kile, na upepo ni ule, unajazwa tairi likiwa baridi. 205 ni upana kwa milimita. 50 ni kimo cha ubavu, maana yake nusu ya upana ule. 16 ni inchi za jante. Ukijumlisha jante na mbavu zote mbili, tairi lako la kwanza lina sentimita sitini na moja kutoka juu mpaka chini. Hizi zako za arusi zina sitini na sita! Sentimita tano nzima, chini ya bati lilelile, halafu jante yenyewe ni pana na imesukumwa nje. Itakosaje kukata? Hata mshale wa mwendo ulikuwa unakudanganya: ukikuonyesha themanini, wewe ulikuwa unakwenda themanini na sita, na mkeo pembeni.

Anayetaka jante kubwa lazima ubavu wa tairi upungue, ili kimo chote kibaki palepale. Kwa gari lako, jante ya kumi na nane ingetaka 225/35, tena jante inayokaa ndani vizuri, na tairi yenye namba ya uzito isiyopungua ile ya kwanza. Inawezekana. Lakini ubavu mwembamba hivyo kwenye mashimo yetu? Wiki moja, jante imepinda. Rudi kwenye kumi na sita. Na wale wanaokuambia kata bati, ongeza springi, punguza upepo, waambie wakate ya kwao. Tairi lililopunguzwa upepo linapata moto, na kule Lubumbashi malori hayapungui. Tena, hata kabla ya Jumamosi, usimpandishe mtu yeyote kwenye zile za arusi.

Musumari wako nao. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia mlangoni mwa nyumba ya kwado! Leo, gazeti hili likiwa bado mkononi, mwambie Jessy yote: maneno matatu, krrr, redio, bati. Usimwambie ukiwa kwenye usukani. Mwambie mkiwa mmekaa mezani, halafu unyamaze, umwache akasirike anavyotaka. Ana haki. Mke anayejua ukweli anaweza kuchagua kupanda au kutopanda. Wewe ulimchagulia, na mtoto pia.

Sasa, unaweza kujiuliza Mama Marlène, ambaye hata baiskeli hajui, amejifunza wapi habari za 225/35.

Wiki mbili zilizopita nilipokea barua ya kalamu ya risasi, karatasi ya daftari, mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika kwa chaki kwenye tairi. Nusu ilikuwa namba. Nikasema huyu amekosea anwani, alitaka kuandikia gereji, nikaiweka chini ya bakuli la sukari. Juzi niliposoma yako, nikaenda kuitoa mbio. Nakupa maneno yake kama alivyoandika, maana mwenyewe alitaka hivyo:

«Mama Marlène, minye siwezi kusema na mukwe wangu, na sitaki kuvunja desturi. Lakini journal yenye unaandika haina mukwe, njo naomba weye useme. Nilitoa pneu miaka makumi mbili na marehemu. Dodo alinionyesha ile yenye ilipasuka. Musumari haukate pneu duara. Sikumwambia mutoto wangu, juu hiyo ni maneno ya bwana yake, yeye njo atasema. Ni kijana muzuri, alishika usukani, aliniletea mutoto muzima. Hesabu ya pneu nimeandika chini, umupe. Na umwambie jante zake za zamani asitafute.»

Asitafute, Bertin, kwa sababu anazo yeye. Siku ileile uliyomwachia Dodo ili aziuze, mama alitoka, akaziingiza nyuma ya jikoni moja moja, akazifunika na gunia. Tangu mwezi wa tano! Kabla ya Mulungwishi, kabla ya lori, wewe ukiwa bado unapiga picha. Ameandika kwamba tairi mbili ziko nzuri na mbili zimechoka, na mbili mpya za kipimo kilekile Dodo ameshazipata, zitafungwa nyuma. Zote nne zinakungoja.

Kwa hiyo Alhamisi, ukitoka kazini, nenda. Piga hodi kwa sauti ili apate nafasi ya kutoka. Ingia kwa mlango wa mbele, yeye atakuwa ametoka kwa ule wa jikoni, ubebe jante zako mpaka kwa Dodo. Hizi za arusi ziache palepale ziondoke na Dodo, usizirudishe nyumbani hata kwa ukumbusho.

Umeniuliza utamshukuruje. Kitenge kizuri utakipeleka kwa mkono wa Jessy, mtoto akizaliwa, hilo unalijua bila mimi. Lakini mama ameomba kitu kingine, kiko mwisho wa barua yake. Anasema Dodo akimaliza kufunga, jaza watu ndani ya gari, wawili wazito wakae nyuma, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, halafu pita taratibu mbele ya dirisha lake, pale penye shimo. Atakuwa nyuma ya pazia. Hatakutazama. Atasikiliza tu. Asiposikia kitu, atamwambia Jessy apange nguo za mtoto.

Na redio, mwanangu, uizime.