Kinyaa cha Edith

Kizwite, Sumbawanga
3 Machi 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unasemaje na mvua hizi? Mimi ni mzima, ila chakula hakipiti tangu Jumatatu. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia lazima upande kile kichuguu kutafuta mtandao, na haya si mambo ya kusikiwa na kijiji kizima.

Tumepangwa wodi ya upasuaji, chini ya Dkt. Malimi. Mama, huyo mtu! Ni Msukuma aliyekulia huko bondeni kwenye ng'ombe. Kabla hajamgusa mgonjwa anachuchumaa kando ya kitanda, anapiga makofi taratibu kama mkwe aliyefika ukweni, na kuamkia kwa Kifipa chetu, kilichovunjika mbavu. Daktari mzima, koti jeupe linaburuza sakafuni! Sisi wanafunzi nyuma yake tunakanyagana miguu tusicheke.

Hilo ningelivumilia. Kuna mzee ana sukari, mguu umeoza mpaka nzi wamemzoea. Mwenzetu Margareth alinyunyizia marashi barakoa yake. Dkt. Malimi akamtoa nje, akanawe uso, arudi. Halafu akaniita mimi.

"Edith, inama. Nusa. Unasikia nini?"

"Harufu mbaya, daktari."

"Mbaya ni neno la jirani. Wewe niambie ni harufu ya nini."

Nikatapika, Mama. Kwenye ndoo ya yule mzee mwenyewe. Unajua jibu la daktari? "Ukimaliza, rudi." Basi. Hata pole hakunipa. Namchukia. Nikilala naisikia ile harufu kwenye nywele zangu. Kama udaktari ndio huu, bora ningebaki nyumbani tulime ulezi.

Barua hii anakuletea jirani yetu Tadei na gari lake, akirudi kutoka kuuza maharage sokoni. Mpe na majibu.

Mwanao akupendaye,
Edith

*

Kaengesa
12 Machi 2024

Mwanangu Edith,

Marahaba. Tadei amenifikishia barua yako ikiwa imelowa, lakini inasomeka. Mgongo haujambo, mahindi yamesimama vizuri, na mbuzi amezaa.

Nimecheka peke yangu jikoni. Wewe na kinyaa mlizaliwa siku moja. Ulikuwa hunywi togwa kwenye kata iliyopita mdomoni kwa mtu. Bibi yako alipougua mguu hukukanyaga chumba chake, ulikula nje na kuku mpaka tukamzika. Sikusemi, ulikuwa mtoto. Nasema tu kwamba nakujua.

Huyo daktari, hebu nieleze vizuri. Kweli hafuniki pua? Hata uso haukunji? Na mgonjwa akiwa mwanamke mzima mwenye heshima zake, anamwamkia vilevile kwa makofi, au ni kwa wazee wa kiume tu? Usinione mdadisi. Huku jioni zimekuwa ndefu.

Pasaka usije. Nyumba naipaka udongo upya, hakuna pa kulala.

Mama yako,
Scola

*

Kizwite
7 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Umeionaje Pasaka? Mimi nilikula wali mkavu chumbani huku nikijiuliza ni nani anayepaka nyumba udongo katikati ya mvua. Lakini wewe ndiye mama, mimi nanyamaza.

Nakujibu. Ndiyo, hafuniki pua. Ndiyo, wanawake anawaamkia vilevile, na akina mama ndio anaowachuchumalia muda mrefu zaidi. Anavuta pazia kwanza. Anawaomba ruhusa. Wakikataa wanafunzi wasione, tunatolewa nje.

Na mimi nimebadilika, usinicheke. Kuna mama mmoja aliyefungwa plasta ngumu mguuni, analia, wote wanasema anadeka. Nikainama nikanusa pembeni ya plasta. Nikamwita Dkt. Malimi. Akaikata palepale: chini nyama ilikuwa inaanza kuoza. Mguu umeokolewa. Hakunisifu, alisema tu, "Sasa umeanza kufika." Nililia chooni kwa furaha. Angekuwa amenibembeleza siku ile ya ndoo, huyo mama leo angekuwa anatembelea magongo.

Sasa sikia kinachonitia kinyaa kweli. Darasa letu kila mwaka humtuza Mwalimu Bora wa Wodini. Wamemchagua Dkt. Kelvin! Dkt. Kelvin hufundishia ukumbini, projekta mbele, soda mkononi, na mtihani ukikaribia hutuonjesha maswali. Wodini huonekana wageni wakija kupiga picha. Abeli, kiongozi wetu, ananiambia bila aibu, "Malimi ananusisha watu usaha, nani ampe tuzo?" Kisha wananitaka mimi nisome sifa, eti nina sauti ya kwaya. Zimeshaandikwa. Anaitwa "baba wa wagonjwa". Nikisoma neno hilo naona kinyaa kuliko mbele ya ule mguu, maana mguu ule haukujipaka marashi.

Nishauri. Na nije lini nyumbani?

Mwanao,
Edith

*

Kaengesa
19 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko usiushangae, mkono wa kulia umekaza kwa kung'oa maharage.

Kuhusu sifa, sema ulichokiona kwa macho yako. Wakikasirika, watapoa.

Usije kwanza. Nina wageni.

Niambie kitu kimoja. Siku gani Dkt. Malimi huwa yupo hospitali bila nyie wanafunzi? Kuna mama wa jumuiya yetu anauliza.

Mama yako,
Scola

*

Kizwite
26 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya kirefu namna hii? Nilikutumia jibu na Tadei mwezi uliopita, kwamba huyo mama wa jumuiya aje siku ya sherehe yetu, maana wanafunzi wote tutakuwa ukumbini. Sijui kama alikuja. Tadei nikimuuliza habari zako anaangalia pembeni na kusema ana haraka. Mkono umepona?

Sherehe ilikuwa jana. Bado nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Ukumbi mapambo, pilau, muziki. Nilisimama na karatasi ya Abeli. Nikasoma mpaka "baba wa wagonjwa". Nikaikunja karatasi. Nikasema aliyenifundisha hayumo humu ndani, anaitwa Malimi, na kila mmoja wetu atakayeokoa mguu wa mtu atakuwa ameuokoa kwa pua aliyolazimishwa kuinamisha. Mtu akaguna, wengine wakacheka. Abeli akampungia mkono kijana wa muziki. Muziki ukalipuka, wakainuka wakicheza, wakamvika Dkt. Kelvin vitenge mpaka shingo haionekani, naye anatabasamu tu kwa kamera. Watu niliotapika nao, niliojifunza nao! Niliwatazama wakitafuna nyama, nikawaona kinyaa mmoja mmoja.

Nikatoka na kitenge nilichomnunulia Dkt. Malimi. Nesi akasema yupo chumba cha kufungia vidonda. Nikagonga. Akafungua kidogo sana, mwili wake umeziba mlango.

"Edith, leo huingii."

Yeye! Anayetukimbiza tuingie! Na harufu iliyotoka pale mlangoni, Mama, niliitambua mara moja: kidonda cha muda mrefu, kilichofichwa, kilichofunikwa majani. Nikawaza, mgonjwa huyu hana ndugu? Hana mtoto? Ni watoto wa aina gani wanaomwacha mzazi aoze hivi, halafu wanajiita watu? Wananitia kinyaa kuliko Abeli na Kelvin wake.

Nikaning'iniza kitenge kwenye kitasa, nikaondoka bila kuaga. Hata Malimi simtaki leo. Jumamosi nakuja Kaengesa, uwe na wageni usiwe nao.

Mwanao,
Edith

*

Hospitali, wodi ya wanawake
28 Mei 2024

Mwanangu Edith,

Marahaba. Barua yako Tadei hakuipeleka Kaengesa. Ameniletea hapa, kitandani.

Aliyekuwa mle chumbani ni mimi.

Ni ziwa langu la kulia. Lilianza uvimbe mdogo kabla ya Krismasi, likapasuka Februari. Nikaweka majani, nikafunga khanga. Kwenye jumuiya wenzangu wakaanza kukaa benchi la mbali, nikaacha kwenda. Nililala kwenye ghala la ulezi ili nyumba isishike harufu. Siku ya kuja huku Tadei alifungua madirisha yote ya gari na baridi lote lile, na simlaumu, alinileta. Nilikuwa najiona kinyaa mwenyewe, mwanangu. Wewe ningekukaribishaje?

Usijipige. Ulichoandika kuhusu watoto wa mtu yule, ulimwandikia mtu usiyemjua. Ni mimi niliyekufungia mlango tangu Pasaka. Daktari aliniuliza kama wanafunzi waruhusiwe kujifunza kwangu. Nikasema wote, isipokuwa mmoja. Akasema, "Nitamzuia leo. Baadaye mwandikie wewe, mimi sitamdanganya."

Nilikuja kwa sababu ya barua zako. Ungenisifia daktari mwenye elimu nyingi, nisingetoka ghalani. Uliniambia hafuniki pua. Nami nakuthibitishia, hakufunika. Alichuchumaa, akapiga makofi, akaniamkia kwa kile Kifipa chake kibovu. Tangu nianze kunuka hakuna aliyenipigia makofi. Nikalia mpaka akangoja.

Hajaniahidi kitu. Amesema nimechelewa, na kwamba wiki ijayo nitapelekwa Mbeya. Kitenge ulichoacha kwenye kitasa hakukivaa, amenifunika nacho mimi.

Kesho asubuhi ni zamu ya kundi lenu kupita wodi hii. Kitanda changu ni cha dirishani. Nimemwambia daktari sasa waingie wote, hata yule mmoja. Bandeji utaifungua wewe.

Harufu bado ipo, sikufichi. Ukifika usianzie kwenye kidonda. Chuchumaa kwanza, upige makofi, uniamkie. Nitaitika.

Mama yako,
Scola