Nyota Moja Katika Jedwali la Saba

Jumatatu, 3 Machi

Jedwali la Saba limepanda mtandaoni saa nne na dakika ishirini. Uf! Wiki mbili nimelala nalo, nimeamka nalo. Bwana Haraka — mkuu wetu wa kitengo, jina tumempa wenyewe, hajui — alinisimamia kama mnyapara mpaka nikabonyeza. Kesho wakubwa wana kikao, wanataka kuona ofisi zote za umma zikisoma takwimu mahali pamoja. Haya, sasa zinasoma. Polisi, afya, elimu, hadi makarani wa kata. Zamani jedwali kama hili lingezunguka ndani ya bahasha miezi mitatu.

Wanawake waliotoa taarifa ya kupigwa nyumbani, kwa kata na kwa kazi zao. Ndiyo habari yenyewe. Majina hakuna. Waliojieleza waliahidiwa hivyo, na sisi tumekula kiapo. Palipo na watu chini ya watano tunaweka nyota badala ya nambari, asije mtu akakisia ni nani.

Mchana shemeji kapiga kunipongeza. Mume wa dada yangu ni karani wa Kata ya Kumi na Nne, na hakuna anayeupenda mfumo wetu kama yeye. Kila jedwali analichapisha, analibandika kwenye ubao wa matangazo. "Shemeji, nyinyi mnapika, sisi tunapakua!" Nikacheka. Mtu wa watu, yule.

Jumanne, 4 Machi

Nimekosea.

Naandika polepole ili nielewe mwenyewe. Kata ya Kumi na Nne. Wakulima 8. Wafanyabiashara 6. Wakunga — nyota. Jumla 15. Basi! Mtoto wa darasa la tatu atatoa nane, atatoa sita, atabaki na moja. Ukificha kisanduku kimoja lazima ufiche na cha pili, la sivyo jumla inakuumbua. Na somo hili nalifundisha mimi! Kila mgeni akija kitengoni namchorea ubaoni. Programu ya zamani ilikuwa ikificha cha pili yenyewe. Hii mpya inataka uweke tiki. Sikuweka. Kata nyingine zina nyota mbili au zaidi, zimesalimika. Ni hiyo moja tu.

Nikajiambia acha kutia chumvi, mkunga mmoja kati ya wangapi? Nikafungua jedwali la watumishi wa afya. Limo humohumo kwenye mfumo, unabonyeza mara mbili tu. Kata ya Kumi na Nne, wakunga: mmoja.

Dada.

Nimejifungia chooni dakika kumi.

Kwa hiyo kile kidole! Mwaka jana alikuja nyumbani kwa mama na kidole kimefungwa bendeji, akasema ni mlango wa kabati. Tulimcheka, mimi na mama — mikono inayopokea watoto wa kata nzima inashindwa na kabati! Shemeji naye akacheka, akamkatia nyama kwenye sahani kwa sababu kisu hakishiki. Mimi nikasema moyoni, mwenzangu kapata mume.

Jumatano, 5 Machi

Sikulala. Nimefika ofisini kabla ya mfagizi.

Mfumo unaonyesha nani amepakua. Ofisi thelathini na moja. Ya kumi na tisa: karani, Kata ya Kumi na Nne, Jumatatu, saa tano kasorobo. Liko ubaoni tayari.

Fundi wa mfumo nimemuuliza kama utani: mtu akitaka kurekebisha jedwali kimyakimya? Akacheka. Eti hakuna cha kimyakimya. Ukirekebisha, kila aliyepakua anapelekewa ujumbe, na kisanduku kilichobadilika kinapakwa rangi ya njano. Ndiyo uwazi wenyewe, anasema. Anaona fahari. Ni yeye aliyeitengeneza sehemu hiyo.

Kwa hiyo nikiliacha, huenda siku moja shemeji akatoa nane, akatoa sita. Nikilirekebisha, ninamwonyesha kwa kidole.

Nitaliacha. Shemeji anabandika tu, hasomi. Nani anajumlisha majedwali ya watu kwa raha zake? (Mimi. Lakini mimi mgonjwa.)

Nimempigia dada. Hujambo, sijambo. "Tupo, mdogo wangu, tunasukuma siku." Nikauliza habari za shemeji. Yupo, anasoma makaratasi yenu hayo, jana hata chakula kilipoa. Akaniuliza mbona kimya. Ningeanzaje? Kiapo kinanikataza. Na hata kisingenikataza — nimwambie kwa uso gani kwamba siri aliyoninyima mimi, damu yake, nimeisoma kazini?

Ninaogopa.

Alhamisi, 6 Machi

Mtafiti wa idara nyingine, mtu nisiyemjua hata sura, kaandika barua pepe ya adabu. Kazi nzuri, hongereni. Ila kuna nyota moja katika Kata ya Kumi na Nne inayoweza kukokotolewa. Nakala kwa Bwana Haraka. Mungu amlaze mahali pema mtafiti huyu, na bado yu hai!

Nikaitwa. Bwana Haraka hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Amesema rekebisha sasa hivi, kabla hatujaaibika. Nikamwambia ujumbe utaenda kwa wote, wenye rangi ya njano. Tuliondoe jedwali zima, nikasema. Akaniangalia kama nimepagawa. Jedwali lililosifiwa kikaoni juzi? Nikasema kuna mtu anaweza kuumizwa. Akauliza nani.

Nikakumbuka kiapo.

"Basi kama hujui ni nani, hakuna mtu."

Nimebonyeza. Saa nane na nusu, kwa kidole changu mwenyewe. Wafanyabiashara 6 wamekuwa nyota. Ujumbe thelathini na moja umetoka kabla sijatoa mkono kwenye kipanya.

Saa tisa, simu. Shemeji! Sauti tamu ileile.

"Shemeji, mbona mmeipaka kata yangu njano? Kulikoni?"

Nikasema makosa ya uchapaji.

"Uchapaji ukikosewa nambari hubadilika. Hii haijabadilika, imefunikwa. Mnafunika nini tena?"

Utaratibu tu, nikasema. Ulimi mzito, utadhani nimetafuna shubiri. Akacheka.

"Haya, mtaalamu. La zamani ninalo hapa mezani. Nitalitazama nikitulia."

Nikampigia dada papo hapo. Yuko zamu, zamu ndefu, hatoki mpaka kesho saa tatu asubuhi. Nikasema kesho nakuja. Akafurahi! Akauliza nimekumbuka nini leo. Nikamwambia asirudi nyumbani kabla hajaniona. Akasema "sawa" kwa sauti ndogo, na hakuuliza kwa nini.

Hakuuliza kwa nini. Hilo ndilo linalonimaliza.

Ijumaa, 7 Machi

Kituo cha afya, benchi la nje ya chumba cha kuzalishia. Basi la kwanza limenifikisha saa mbili na robo. Ofisini sikuaga.

Nimemwambia. Tumesimama ukutani karibu na mizani ya watoto, nimemwambia yote: nane, sita, kumi na tano. Kiapo nimekivunja, waje wanifunge. Hakulia. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokauka.

"Yule dada aliyenihoji aliniapia nitakuwa nambari tu."

Ulikuwa nambari, nikasema. Kosa ni langu, langu peke yangu. Nisamehe, dada.

Akasema hayo baadaye. Akauliza kama shemeji analo jedwali la zamani. Nikasema analo. Akatikisa kichwa. Kumbe mimi simjui shemeji yangu. "Mdogo wangu, yule huhesabu hata vijiti vya kiberiti. Vikipungua viwili anauliza nani kapika saa ngapi." Miaka kumi na moja ya ndoa! Na sisi tunamsifu kila akija.

Watoto wako shule mpaka saa nane. Hilo tumelipigia hesabu haraka. Tuwapitie, twende kwa mama — hapana, kwa mama ndiko atakakoanzia. Nilimwambia kwangu. Akasema kwako ni pa pili. Tulikuwa bado hapo hapo tunatafuta pa tatu, muuguzi akatoa kichwa mlangoni: mama wa kitanda cha pili anasukuma, na muuguzi mwenzake wa zamu inayofuata hajafika. Nikamshika mkono. Mwache, nikasema, kuna muuguzi! Akaniangalia kama nimetukana.

"Mtoto anakuja, nimwambie arudi?"

Kanikabidhi mkoba na simu, akaingia. Dakika ishirini sasa. Ninaandika kwa sababu nisipoipa mikono kazi nitapiga kelele.

Simu yake imeita. "Baba Watoto." Sikupokea. Imeita tena. Mlinzi wa getini amegeuka kunitazama — au ni mimi tu? Imeita mara ya tatu, ikakata yenyewe.

Saa tatu na dakika kumi. Ujumbe umeingia. Sikuufungua, umejitokeza wenyewe kwenye kioo:

"Mke wangu, swali dogo tu. Hapo kituoni mko wakunga wangapi?"

Ndani mtoto amelia. Namsikia dada: hongera mama, hongera, ni wa kike. Anacheka. Atatoka sasa hivi, na simu yake iko mkononi mwangu.