Mtumbwi wa Kukamulia Ndizi

Mutalemwa mjukuu wangu,

Miaka miwili hujakanyaga Buganguzi, kisha unaniletea habari za kompyuta! Haya. Shangazi yako, anayeniandikia hii, amepona mguu. Kahawa imechanua.

Unasema kompyuta aliyokuachia babu yako inakwama ukiipa kazi yote ya chuo kwa mpigo, na mwalimu anaitaka mwezi huu. Umeiongezea kumbukumbu, haiitambui, kwa kuwa iliundwa zamani. Unauliza kama uitupe.

Tukiandaa harusi ya dada yangu, nilijaza ndizi mbivu zote kwenye mtumbwi wa kukamulia, lile gogo letu lililochongwa. Baba alipoanza kukanyaga, mramba, ile juisi tamu ya ndizi, ukafurika chini. Nikakimbilia vibuyu zaidi. Akacheka: "Wewe mama, leta vibuyu hata mia, mtumbwi ni huu huu!" Akapunguza ndizi, akakamua, akachota, akaongeza nyingine. Wageni walikunywa wakabakiza.

Mtumbwi ule tunao mpaka leo. Gawa kazi yako vipande. Kimoja kikiisha kiweke pembeni, ndipo uingize kingine.

Krismasi njoo na hiyo kompyuta niione. Na ukate kucha, atakayekanyaga ndizi ni wewe.

Bibi yako