Papa, Ulinipima Mkono

Papa,

Bunduki? Wewe?

Wiki ya saba sasa tangu tukuzike, na bado nashika kifua nikikumbuka mlango wa lile kabati ukifunguka. Tulikuwa tunasafisha nyumba yako ya Jordbro, hapa Uswidi. Kabati la chuma la kule stoo chini, miaka yote ulituambia ndimo unamoweka vitambaa vya bei, visiliwe na nondo. Fundi cherehani mzima, nani angekubishia? Mama Furaha wa kwaya alikuja na mifuko mitatu ya kubebea vitenge. Ufunguo niliukuta kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Nikafungua. Bunduki mbili zimesimama wima, na vibali viwili vya polisi vyenye jina lako kamili, hadi lile la ubatizo. Mama Furaha alisema "Yesu wangu!" akakaa kwenye ngazi. Habari ilifika kwao Södertälje kabla yeye mwenyewe hajapanda treni.

Ah, Papa. Wewe uliyenitoa Uvira mgongoni, umenifunga masikio kwa kitambaa nisisikie risasi! Wewe uliyemnyang'anya mjukuu wako Neema bastola ya kuchezea, naye akakujibu kwa Kiswidi kwamba ni maji tu, ukasema, "Mu nyumba yangu haiingie, hata ya maji." Nilikasirika. Nilijiona nimemzika mtu nisiyemjua.

Polisi walisema silaha za marehemu hazikai bila mwenye kibali. Niziuze, nizitoe ziharibiwe, au niombe kibali changu mwenyewe. Nikasema ziharibiwe zote mbili, tena upesi. Lakini ndani ya kabati kulikuwa na karatasi ya klabu ya kulenga shabaha, yenye namba ya simu. Nilipiga ili nigombane na mtu. Akaja Gunilla, mama wa miaka sabini hivi, amevaa koti la turubai. Mishono yako niliijua kabla hajanitajia jina lake.

Yeye ndiye aliyeniambia. Kwamba ulikwenda pale klabuni kupeleka makoti uliyowashonea wanachama, risasi ya kwanza ikalia, ukaingia chini ya meza ya kahawa. Kwamba wiki iliyofuata ulirudi, ukakaa kwenye benchi la nje, na ukaendelea kukaa pale msimu mzima wa baridi. Kisha siku moja ukaomba kushika. Uliwaambia, "Nataka kuusikia mlio huo nikiwa ni mimi niliyeuamua." Nililia mbele ya mgeni, Papa. Kahawa yake ikapoa.

Nikamuuliza, sawa, lakini mbili za nini? Akanieleza taratibu. Zote ni nyepesi, zote hupiga risasi ndogo na kujipakia zenyewe. Yenye mtutu mwembamba ni ya msituni, ya kutembea nayo kutwa ukitafuta sungura bila bega kuchoka. Ile ya pili ina mtutu mnene na darubini. Hiyo unailaza juu ya mfuko wa mchanga, unapiga karatasi ya shabaha, na kwa kuwa imetulia inamfaa mtu anayeanza. Akacheka kidogo. Alisema ya msituni uliibeba misimu miwili, na kila mara ulirudi na uyoga. Kumbe ule uyoga uliokuwa ukituletea!

Alitaka nizishike kabla ya kuamua. Nilikubali kwa sababu tu alikuwa amevaa mshono wako. Akazikagua, akanionyesha kwamba ni tupu. Ya msituni ilinishinda, kitako chake kirefu, cha urefu wa mikono yako. Nikashika ya karatasi.

Papa. Ilinikaa. Shavu lilipata mahali pake, kidole kikafika kwenye kifyatulio bila kutafuta. Gunilla akaigeuza, akanionyesha mahali ulipokata kitako kwa msumeno, na pembeni kipimo cha penseli, kwa mwandiko wako, na herufi R ya jina langu.

Krismasi iliyopita ulinipima mkono. Uliniambia nikunje, ukapima kutoka kwenye kiwiko hadi kidole cha shahada. Nikauliza ni gauni gani hilo linalopimwa hivyo. "Wacha fundi afanye kazi." Nilisubiri gauni hadi Pasaka. Sikulipata, na baada ya Pasaka moyo wako ukasimama ghafla.

Kwa hiyo ulijua. Kila mwaka mpya fataki zikianza huku kwangu Hjulsta, mimi, mwanamke wa miaka thelathini na sita, najifungia bafuni na kufungulia maji. Nawe ulikuwa unagonga mara moja tu, kisha nakusikia unakaa chini, nje ya mlango. Hatukuwahi kulizungumza. Mbona hukuniambia, Papa? Mdomo ungekukauka? Najua, ningekataa. Ningepiga kelele jengo zima lisikie.

Ya msituni ameichukua Gunilla, kibali anacho. Yangu inatunzwa dukani kwa muuza bunduki mpaka nitakapojifunza na kupewa kibali, nami sitaki njia ya mkato. Klabuni nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilikimbia hadi kituo cha basi, na viatu vyangu vya ofisini. Mara ya pili nilikaa kwenye benchi lako la nje. Nilihesabu milio kumi na mmoja, ndipo nikaondoka, tena kwa kutembea.

Mama Furaha bado anauliza wewe ulikuwa nani kweli. Nimemwambia ulikuwa fundi.

Lala, Papa. Siku nitakayopiga ya kwanza, masikio yangu yatakuwa yamefungwa kama ulivyoyafunga wewe, na nitaiamua mwenyewe. Na mwaka mpya ukija, fataki zikianza, nitakaa sakafuni nje ya bafu, pale pako. Mlango nitauacha wazi.

Mwanao,
Riziki