Hendeli Iliyokataa Kuachia

Gongo la Mboto,
Dar es Salaam.

Mke wangu Mama Asha,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na homa ya Asha imepoa. Mie sijambo, ila mgongo unauma tangu nianze kupiga hendeli peke yangu hapa kwenye mashine ya kusaga. Sababu utaiona mbele.

Umeniandikia kwamba kikundi chenu cha akina mama kimenunua injini ya dizeli ya kusagia, iliyotumika, na wewe umechaguliwa kuiwasha. Hongera. Sikukatazi, lakini soma haya kabla hujaishika.

Hendeli, ule mpini wa chuma wa kuwashia, unaichomeka kwenye ncha ya ekseli, unazungusha polepole, halafu unaongeza kasi. Hapo mkono una kazi mbili: unausukuma mpini mbele, na papo hapo unauvuta ndani usikutoroke. Kasi ikizidi, ule uvutaji wa ndani ndio unaochosha zaidi. Injini ikiwaka inakushinda mbio, na hendeli inatakiwa iachie yenyewe, uichomoe.

Hendeli yetu tundu lake la kuchomekea lilikuwa limelika, ikawa inateleza. Mwenzangu Salehe akakata kipande cha tyubu ya baiskeli akakizungushia kwenye ncha ya ekseli ili ishike. Nikamwambia tungoje hendeli mpya.

"Ngoja wewe," akasema. "Wale pale na mahindi yao watakungoja?"

Mama mmoja akadakia, "Kaka, leo tunasaga au tuyatafune hivi hivi?"

Tukacheka. Salehe akaipiga, injini ikawaka, hendeli ikang'ang'ania kwenye ekseli. Akaiachia, nayo ikawa inazunguka na injini, kila mzunguko ukiwa wa kasi kuliko uliopita. Tulidhani ikichomoka itaruka juu itoboe bati, kwa hiyo Salehe akainama mbele ya gurudumu la injini afunge dizeli. Ilichomoka ikiwa juu kabisa. Bati haikuligusa. Ilikwenda mbele moja kwa moja, kule ilikokuwa inaelekea wakati ule ule, ikampiga begani. Mfupa umevunjika. Yuko kwa dada yake Chanika, na kama atapiga hendeli tena sijui.

Injini yenu ni ya zamani, tundu la hendeli yake litakuwa limelika vile vile. Msifunge tyubu wala kitambaa. Kidole gumba kiweke upande mmoja na vidole vingine, ili injini ikiirudisha hendeli nyuma mkono utoke. Hendeli ikikwama, tokeni nje wote, dizeli itaisha yenyewe. Wenye mahindi wakinuna, wanune.

Mama mpe shikamoo yangu. Mjomba aliyenifundisha kulima mwambie bado niko hai. Shemeji yako Juma msalimie pia. Najua atataka kukuonyesha nguvu zake. Mwambie nguvu hizo azitumie kwenda kwa mhunzi kuchongesha hendeli mpya. Mpaka arudi nayo, injini isiwashwe, hata kama mtatwanga kwa kinu mwezi mzima.

Ni mimi mumeo,
Baba Asha