Filamu ya Selvam na Posa ya Mwanakombo

Najma, Doha
Ijumaa

Mama yangu,

Nakuamkia kwa heshima, na kabla ya yote nataka kujua goti lako linaendeleaje. Saumu aliniambia umeacha dawa kwa sababu ni chungu. Mama, umetulea kwa mwarobaini na leo unakimbia kidonge? Mimi ni mzima, ila joto la huku halina adabu. Bado nalinda geti la nyumba za kupanga kule Al Wukair, na jioni narudi huku Najma nimekauka.

Barua hii nampa binamu Bakari anayekuja likizo, maana jambo lenyewe si la simu. Saumu, wewe unayemsomea Mama, soma kama ilivyoandikwa, usitie chumvi.

Ijumaa iliyopita nilikuwa na mapumziko. Selvam, dereva wa Kitamil ninayekaa naye chumba kimoja, alileta filamu ya kwao, ya mapenzi ya kijijini. Wenzake walijazana vitandani, mimi nikapewa ndoo nikalie. Selvam akawa ananitafsiria kwa Kiingereza chake cha kuungaunga.

Kuna kijana mkulima anampenda binti wa jirani, mshona mashada ya asmini. Hasemi. Anataka kwanza amalize nyumba ya matofali. Anafyatua, anajenga, binti akipita anachekelea tu. Mwingine anayemtaka binti huyo ni mjomba wake, ndugu wa mama yake tumbo moja. Niliposikia hivyo nikastarehe. Nikawaambia wenzangu hapa hakuna mpinzani, wazee watamfukuza huyo kwa bakora. Wakanicheka wote, nami nikadhani wanacheka Kiingereza changu.

Basi ngoma zikalia, binti akavishwa maua, akaolewa na mjomba wake huku wazee wanatabasamu. Nikainuka nikauliza kama hawa watu hawana haya. Selvam akapunguza sauti ya televisheni. Akanieleza kwa upole kwamba kijijini kwao mjomba ndiye mwenye haki ya kwanza, na kwamba mama yake mwenyewe aliolewa na mjomba wake, na wameishi vizuri. Niliomba radhi, Mama, uso umenishuka. Yule kijana wa filamu aliachwa barazani kwake, ufunguo mkononi, arusi inapita.

Nikamwuliza Selvam mbona binti hakumsubiri.

“Asubiri nini?” akasema. “Nani alimwambia?”

Hapo nikakumbuka ya kwetu. Uliponiambia yule mwenye duka wa Ukunda ameulizia posa kwa akina Mwanakombo, nilicheka. Nilisema mtu mzima yule, ana mke na wajukuu, nani atampa binti? Nikakuambia tungoje mpaka niipaue nyumba ninayojenga huko. Lakini nani kasema babake Mwanakombo anaona kama ninavyoona mimi? Mwenye duka amefika kwake na kuketi naye. Sisi hajasikia neno letu hata moja. Na Mwanakombo mwenyewe hajasikia. Miaka minne namtumia salamu na vitambaa kupitia kwa Saumu, nikiamini anaelewa. Nampenda, Mama. Naona haya kuliandika hili na najua Saumu analisoma huku anacheka, lakini nampenda, na naogopa.

Tafadhali mwombe Baba Mkubwa aandike barua ya posa, avae ile kanzu yake ya Idi, aipeleke yeye na wazee wawili kabla wiki haijaisha. Asianze kuhadithia nyumba, namjua. Wakiuliza binti ataishi wapi, semeni ukweli: chumba cha uani kwako, mpaka mabati yapatikane. Akinikataa, basi anikatae akijua kwamba namtaka.

Nisalimie Bibi, na umwambie tende zake anazo Bakari, asikubali kuambiwa zimeliwa njiani. Shangazi wa Msambweni mpe pole ya mafua. Saumu namshukuru kwa kusoma, na kwa kunyamaza akiweza.

Mwanakombo usimpe salamu zangu safari hii. Mpelekee posa.

Mwanao anayekuombea afya,
Juma