Nilivipanga Upya Vita vya Marehemu Mume Wangu

Ijumbi, Muleba
9 Julai 1972

Mpendwa Mama Celina,

Naomba msaada wako kama unavyowajibu wengine gazetini, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana jambo lenyewe ni la askari wadogo wa madini ya risasi, urefu wao kama kidole, na mimi ni mama wa miaka arobaini na sita niliyesoma hadi darasa la nne, na nimeshindwa kulisema hata kwa padre kwa sababu sijui kama ni dhambi au ni ujinga tu.

Mume wangu Ildefons alifariki mwezi Machi. Alikuwa fundi baiskeli, na rafiki yake alikuwa Bwana Prabhudas aliyekuwa na duka Muleba, ambako mume wangu alinunua spoku na rangi. Mwaka wa Uhuru walikaa dukani wakisubiri mvua ikatike, wakaanza kuzungumza habari za mwaka 1915, Waingereza walipovuka ziwa kuja kuwatoa Wajerumani Bukoba. Baba yake Ildefons alichukuliwa na Wajerumani kuwa mpagazi katika vita vile na hakurudi, hata kaburi lake halimo kibanjani kwetu, kwenye migomba. Bwana Prabhudas naye alikuwa na askari wanne wa kuchezea tangu utotoni, Waingereza, rangi imebanduka, akawatoa kwenye droo akawasimamisha juu ya kaunta. Ildefons aliporudi nyumbani jioni ile hakutaka kula, alichukua udongo wa kufinyangia vyungu akaanza kutengeneza kalibu za kumiminia askari wake.

Risasi ilitoka kwenye nyavu chakavu ambazo shemeji yangu Buberwa alikuwa akizileta kutoka kisiwa cha Goziba, na mume wangu aliiyeyusha ndani ya kopo juu ya mafiga yangu, kisha akaimimina. Lakini mikono yake ilikuwa ya spana, haikujua kupaka kitu kidogo, kwa hiyo kazi ya rangi ikawa yangu, maana masista walinifundisha kudarizi. Brashi ilikuwa manyoya ya ndevu za mbuzi yaliyofungwa kwenye kijiti, na macho niliyatia kwa ncha ya mwiba wa mlimau. Nilipaka huku naangalia nje, migomba imetulia, na kuna nyakati nilijiona kama nipo pamoja nao mle kwenye Bukoba ndogo waliyoijenga juu ya meza yetu, kwenye ziwa la rangi ya buluu lisilo na wimbi, kwenye vilima vya udongo vyenye majani ya chai makavu badala ya nyasi, na juu ya kilima mnara wa simu ya upepo, ile isiyo na waya, ambao Ildefons aliutengeneza kwa spoku. Mji ulikuwa kimya kama mji unaouona ukiwa umesinzia mchana.

Walicheza kila Jumapili baada ya Misa. Walikuwa na kamba yenye mafundo ya kupimia mwendo na dadu mbili za kuamua nani kaanguka. Bwana Prabhudas alikuwa Mwingereza na mume wangu alikuwa Mjerumani, na kama Mjerumani angeulinda mnara hadi siku ya pili ya vita iishe, basi angeshinda. Hakuwahi kushinda. Kwa miaka kumi na mmoja, Mama Celina, hata mara moja. Bwana Prabhudas alikuwa akimwambia, "Bwana Ildefons, Mjerumani amechoka, anaomba chai," na mume wangu anamjibu, "Mwingereza akae majini kwanza, chai haijachemka," kisha anashindwa, kisha anakuja kula ndizi zake akiwa amefurahi kuliko mshindi.

Mpaka balozi wetu wa nyumba kumi, Ndugu Nathanieli, alikuja kukagua, kwa sababu watu walikuwa wamemwambia kwamba kwa Ildefons kuna jeshi la wakoloni. Alizunguka meza mara mbili mikono nyuma, akauliza askari Waafrika ni wepi, akaoneshwa, wengi, pande zote mbili. Akafika kwa mpagazi, ambaye yuko mmoja tu, amebeba mzigo kichwani, anasimama kando ya njia inayotoka mjini kuelekea huku kwetu. Huyo kanuni yao ilikuwa kwamba hapigiwi dadu, haanguki kamwe. Ndugu Nathanieli akasema, "Huyu mbona yuko miguu mitupu? Mpeni viatu, tumeshapata Uhuru." Mume wangu akamjibu, "Ndugu, hakuwa navyo." Ndugu Nathanieli akaomba kamba ajaribu kupima.

Sasa shida yangu. Jumapili ya mwisho walicheza hadi saa kumi, wakaacha vita katikati kama walivyofanya mara nyingine, nikafunika meza kwa shuka. Jumanne mume wangu alianguka kibanjani akikata mkungu, na hakuamka. Shemeji Buberwa akasema chumba kiondolewe vitu vyote, nyasi zitandikwe, waombolezaji wapate pa kukaa na kulala. Na mimi, Mama Celina, nilifunua ile shuka nikawakusanya askari wote kwa mikono miwili, haraka, kama unavyokusanya kahawa uliyoianika ukiona mvua imefika mlimani, nikawamwaga kikapuni. Sikufikiri hata kidogo. Mikono ilifanya jambo inalolijua.

Siku nyasi zilipofagiliwa ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kila askari alikuwa amesimama mahali mkono wa Ildefons ulipomweka, na hapakuwa na kitu kingine humu nyumbani kilichobaki hivyo. Nguo zake nilikuwa nimezifua.

Bwana Prabhudas alikuwa amekuja siku ya tatu ya msiba. Alivua viatu mlangoni akaketi kwenye nyasi pamoja na wanaume, akapewa kahawa za kutafuna ambazo siku zote alizikataa akisema zinamvunja meno, siku hiyo akatafuna. Alipokuwa akiinuka kuondoka alipapasa kwenye nyasi akamwokota yule mpagazi, alikuwa amedondoka nilipokuwa nakusanya, akanitia kiganjani akavikunja vidole vyangu, akasema, "Mama Jovita, huyu asipotee." Namshukuru mpaka leo, angefagiliwa na nyasi yule.

Baada ya hapo nilirudisha meza mahali pake nikaanza kuwapanga upya kwa kumbukumbu. Wengine nilikuwa na hakika nao, kwa mfano wale Wajerumani wawili waliokuwa wamevuka mto Kanoni, kwa sababu mmoja nilimkosea jicho na huwa namtazama. Wengine sikuwa na hakika. Na pale nisipokuwa na hakika, nilimpendelea mume wangu. Mwanzoni mmoja. Kisha nikawarudisha kilimani watatu ambao najua walikwishaanguka na walikuwa wamelazwa kwenye kifuniko cha kopo. Waingereza wanne nikawaacha kwenye mtumbwi. Sasa ukiangalia meza, hata mtu asiyejua mchezo anaona kwamba Mjerumani atashinda, na kila alasiri jua likiingia dirishani mnara ule unaweka kivuli chembamba juu ya ziwa, na mimi nakaa hapo nikimwona Ildefons akinyoosha mkono kuchukua dadu, na nimefurahi, Mama Celina, hilo ndilo linalonitisha.

Maana barua imekuja. Bwana Prabhudas nyumba yenye duka imechukuliwa na Serikali, yuko Bukoba mjini kwa binamu yake, na mwezi Septemba anakwenda Uingereza kwa kaka yake asirudi. Ameandika hivi: "Mama Jovita, Jumapili ya mwisho ya Agosti nitakuja kwa basi la asubuhi. Naomba tumalize pale tulipoishia na Ildefons."

Binti yangu Jovita, ambaye ni mwalimu Rubya, anasema nisiseme kitu. "Mama, mwache mzee ashindwe mara moja, atakufa kwa kushindwa?" Lakini yule mtu hakumdanganya mume wangu hata fundo moja la kamba. Nikinyamaza, ataondoka nchini na uongo wangu. Nikisema, nitakuwa nimemwambia rafiki yake wa pekee kwamba kile alichobakiza Ildefons duniani nilikizoa kama kahawa, naye ataikuta meza haina maana tena, na safari yake ya mwisho kuja kwetu itakuwa ya bure. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mjane wa Ijumbi

*

Mama Jovita, pole. Pole kwa mume, na pole kwa ile siku ya kufagia nyasi, ambayo naona imekuuma kuliko siku ya kuzika.

Nakujibu kabla ya wenzako waliotangulia, kwa sababu Agosti haingoji.

Nianze na kukugombeza ili tulimalize. Kukusanya askari haikuwa kosa. Ulikuwa na maiti ndani, shemeji anatoa amri, watu wanaingia na mafungu ya nyasi mlangoni. Mikono yako ilifanya kazi na ikaifanya vizuri, hukuvunja hata bunduki moja. Usinitajie tena kahawa. Lakini wale watatu uliowatoa kwenye kifuniko cha kopo ukawapandisha kilimani, hao ni kosa, na unajua, ndiyo maana umewaandika katikati ya sentensi ndefu ukidhani nitawaruka.

Nani alikutuma umshindie mume wako? Umeniandikia mwenyewe kwamba alishindwa miaka kumi na mmoja na kila Jumapili alikuja kula akiwa amefurahi. Mtu huyo hakuwa na njaa ya kushinda. Alikuwa na njaa ya Jumapili. Wewe umempa ushindi ambao hakuuomba, na ungemnyang'anya rafiki ambaye hakuwahi kumpunja fundo la kamba. Jovita ni mwalimu mzuri, sina shaka, lakini katika hili mpe sifuri.

Sasa lililo kubwa zaidi. Chukua nakala ya barua yako, kama uliiweka, uisome tena pale ulipoandika siku ya tatu ya msiba. Bwana Prabhudas aliketi wapi? Kwenye nyasi, chumba kile kile, mahali ambapo kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akivuta kiti. Meza ilikuwa wapi? Haikuwapo. Na mpagazi alimwokota wapi? Chini ya nyasi. Unadhani yule mzee aliamini kwamba mpagazi ameshuka mezani kwa miguu yake?

Mama Jovita, anajua. Alijua tangu siku ile, kabla yako wewe mwenyewe hujajua. Aliona vita vyao vimezolewa, akatafuna kahawa asizozipenda, akakupa kiganjani yule mmoja ambaye hangeweza kupatikana tena, na hakukuuliza wengine wako wapi. Ukaandika jambo hilo lote kwa mkono wako na hukuliona, kwa sababu ulikuwa unatazama nyasi.

Basi anapoandika "pale tulipoishia na Ildefons", hazungumzii askari yupi alikuwa ng'ambo ya Kanoni. Anataka kuketi kwenu mara moja zaidi kabla hajaondoka, na mwanaume mzima hajui namna ya kuomba hivyo, akaomba mchezo. Safari yake haiwezi kuwa ya bure. Itakuwa ya bure kama utamkalisha mbele ya meza ya uongo, naye kwa adabu yake atajifanya haioni, mkae wawili mnadanganyana alasiri nzima juu ya mtu mliyempenda.

Fanya hivi. Kesho waondoe askari wote mezani, waweke kikapuni, hata wale ulio na hakika nao. Vumbi la kwenye vilima ulifute, majani ya chai uweke mapya. Meza ibaki tupu na ziwa lake.

Jumapili hiyo mpokee mlangoni, na kabla hujampa maji ya kunawa mwambie kwa maneno machache: "Niliwakusanya siku ya msiba. Kisha nikawapanga upya nikampendelea Ildefons. Nimewaondoa." Usilie kwanza ukasema baadaye. Sema, kisha ukitaka kulia, lia.

Halafu muwapange pamoja. Wewe wapange Waingereza wake, yeye awapange Wajerumani wa mume wako. Kila mmoja amkumbukie mwenzake, hapo hakuna atakayejipendelea. Mkibishana juu ya askari, mbishane sawasawa, maana huko kubishana ndiko kumsikia Ildefons, na mkishindwa kabisa, dadu zipo. Waliokwishaanguka walale kwenye kifuniko cha kopo.

Na atakayemchezea mume wako ni wewe. Usiniambie hujui. Miaka kumi na mmoja umesikia kila fundo likihesabiwa, na macho ya askari wale wote uliyatia wewe kwa mwiba. Ndugu Nathanieli mwite aje kushika kamba, naona alikuwa akiitamani. Cheza ili ushinde. Ukishindwa, kula ndizi zako kwa furaha kama yeye.

Jua likianza kushuka, basi la kurudi mjini halimngoji mtu, kwa hiyo mfungie mgeni zawadi mapema. Mpe Waingereza wake wanne wa utotoni, ni wake. Mpe na Mjerumani mmoja, yule uliyemkosea jicho, ili huko aendako awe na mtu wa kumwambia akae majini, chai haijachemka.

Mpagazi usimpe, hata akiomba. Msimamishe palepale kando ya njia inayokuja kwenu. Huyo alishapelekwa safari moja.